Je, Mshubiri Chumbani Humnyima Mtu Hewa Usiku?

Ukipita katika mitaa ya Kitale au Bungoma utaona mshubiri, yaani alovera, umepandwa kwenye mkebe karibu na mlango. Wako wanaoutoa nje kila jioni, wakiamini kuwa mmea hunyonya hewa ya mtu aliyelala. Hebu tuchunguze.

Majani huwa na vitundu vidogo mno viitwavyo stomata. Kila kitundu kina seli mbili pembeni. Zikijaa maji hufura na kitundu hufunguka, zikilegea, hujifunga. Mahindi na maharagwe hufungua vitundu mchana ili kuingiza kaboni daioksaidi, na papo hapo hupoteza maji mengi. Mshubiri hauwezi kumudu hasara hiyo. Jua likiwa kali hufunga, na usiku, baridi inapoingia, ndipo hufungua. Kaboni daioksaidi inayoingia hugeuzwa kuwa asidi na kuwekwa akiba ndani ya jani. Inapopungua humo, vitundu hubaki wazi. Kukipambazuka, asidi huvunjwa, kaboni daioksaidi hujaa tena ndani na vitundu hujifunga, huku nguvu ya jua ikitumiwa kutengeneza sukari. Mkonge na nanasi hufanya vivyo hivyo. Ukame ukizidi mno, mshubiri hufunga usiku na mchana.

Kwa hiyo usiku mmea huu huvuta ile hewa chafu unayoitoa puani. Lakini usidanganywe na wauzaji wanaodai kwamba hukumwagia oksijeni ukiwa usingizini. Oksijeni yake hutengenezwa mchana, nayo ni kidogo. Mkebe mmoja haudhuru wala hauponyi.

Kinachoua ni jiko la makaa. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huwafanya watu waingize jiko chumbani na kufunga madirisha. Mmea hutolewa, jiko huingizwa! Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje upesi na umpeleke hospitalini hata akisema amepata nafuu. Jiko nalo liache nje usiku kucha, kwani makaa yaliyofunikwa na jivu bado hutoa hewa hiyo.