Upele umeingia nyumbani? Salfa bado inafaa

1. Mwasho unazidi usiku, na anayejikuna si mmoja? Chunguza katikati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni na kitovuni. Nenda zahanati wathibitishe, kisha uliza marhamu ya salfa ya asilimia 5 hadi 10. Inanuka yai viza na inachafua mashuka, lakini hata mjamzito na mtoto mchanga wanaweza kupakwa, jambo ambalo dawa nyingi za upele haziwezi kujivunia.

2. Paka mwili mzima, si panapowasha tu. Oga jioni, jikaushe, anzia shingoni ushuke hadi kwenye nyayo. Usiruke chini ya kucha, makwapani, katikati ya makalio wala sehemu za siri. Mtoto mdogo apakwe na kichwani, ukiepuka macho na mdomo. Rudia usiku 3 mfululizo, ukioga kila mara kabla ya kupaka upya. Tafadhali usiishie usiku wa kwanza kwa sababu tu umepata nafuu.

3. Tibuni nyumba nzima siku moja, pamoja na asiyejikuna. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza, mwasho huweza kuchelewa hadi wiki 6. Kanga, taulo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

4. Mwasho ukiendelea wiki mbili tatu baada ya dawa, usizidishe kupaka. Ngozi bado inatulia, na salfa nyingi huikausha. Ukipita mwezi, rudi zahanati.

5. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi, salfa ya korosho iacheni shambani. Unga ule ni wa kuua ubwiriunga, ukungu wa mikorosho, haukutengenezwa kwa ngozi ya mtu, na vumbi lake huchoma macho na kifua.

6. Septrin au SP, zile ziitwazo dawa za salfa, iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha? Mwambie mhudumu kila unapotibiwa. Ila mzio huo hautokani na salfa yenyewe, kwa hiyo marhamu hujakatazwa.

7. Salfa ya kula huja na protini: mayai, samaki, nyama, dagaa. Maharage peke yake yana upungufu wa methionini, asidi amino yenye salfa, na mahindi huuziba. Pika makande, achana na vidonge vya salfa vya bei mbaya vya kukuza nywele.

8. Kitunguu saumu kiponde, ukiache kama dakika 10 kabla ya kukitia sufuriani, ili viini vyake vya salfa viwahi kujiunda. Ila hakichukui nafasi ya dawa za presha; hizo endelea kumeza.