Ipoze Darubini Kabla ya Kuilaumu



Tangu jumuiya yetu inunue darubini kwa michango ya wanachama, nasikia lalamiko lile lile: "Zohali inatetemeka kana kwamba iko ndani ya maji." Wapo wanaotaka tuiuze. Naomba kwanza tufahamu habari ya joto lililomo ndani yake.

Darubini yetu ni ya aina ya Maksutov. Mbele bomba limezibwa kwa lenzi nene, na nyuma kuna kioo kikubwa. Nuru huingia, hupiga kioo cha nyuma, hurudi kwenye kioo kidogo cha mbele, kisha huelekea nyuma tena hadi jichoni. Hivyo hupita katika hewa ya bomba mara tatu. Ibn al-Haytham alieleza katika Kitab al-Manadhir kwamba nuru hupinda inapotoka katika kitu kimoja na kuingia katika kingine kizito au chepesi zaidi. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi. Zikichanganyika ndani ya bomba, nuru hupindishwa huku na kule na sura huonekana kama inachemka.

Hapa Kigali chumba cha bweni chaweza kuwa na nyuzi 25, na nje usiku zikashuka hadi 17. Kioo kinene hutoa joto lake polepole. Hewa inayokigusa hupanda, hukuta ukuta wa bomba uliokwisha kupoa, hushuka, kisha huzunguka tena, kwa kuwa haina pa kutokea.

Utajuaje kwamba tatizo ni hilo? Lenga Shi'ra, nyota iliyotajwa katika Surat an-Najm, kisha zungusha kitufe cha kurekebisha sura mpaka nyota iwe duara pana. Ukiona ulimi wa mwanga umetoka katikati na kubaki upande mmoja, joto limo ndani ya bomba. Ukiona mawimbi yakipita duara zima, anga ndiyo iliyochafuka; ngoja usiku mwingine.

Tiba ni tatu. Kwanza, tuitoe mapema, ikae kivulini na kifuniko chake kikiwa mbele. Darubini ya sentimita 12 au 13 huhitaji takriban saa nzima kupoa. Ya sentimita 20 huhitaji zaidi.

Pili, tulivike bomba mkeka wa sponji. Utauliza: je, si kuizuia isipoe? Ni kweli itapoa polepole zaidi. Lakini ukuta mwembamba wa bomba hupoteza joto haraka kuelekea anga tupu, na tofauti kati yake na kioo ndiyo inayoizungusha hewa. Sponji huipunguza tofauti hiyo. Tena mkeka ukitokeza mbele ya lenzi, huzuia umande.

Tatu, tupange ratiba. Tuanze na ukuzaji mdogo, tutazame Kilimia au mwezi. Zohali na Mshtarii vinavyotaka ukuzaji mkubwa tuviache mwisho.

Jambo hili si la starehe tu. Hilali ya siku ya kwanza hukaa muda mfupi baada ya jua kuzama. Darubini iliyotolewa saa hiyo hiyo kwenye gari lililoshinda juani huuyeyusha ule ukingo mwembamba; mtu akakosa kuona kilichopo, au akadhani ameona kisichopo. Ushahidi wa mwezi ni amana, na saumu na Idi za watu huufuata. Basi jioni ya tarehe 29 darubini iwe nje kivulini tangu Alasiri, na isielekezwe magharibi mpaka jua lizame kabisa, kwani kulitazama jua kwa darubini hupofusha papo hapo.

Tuijaribu hivi kwa mwezi mmoja, kisha tukae shura tuamue kuiuza au kubaki nayo.

Wabillahi tawfiq.