Mlango wa Kusafisha Choo na Kukitwaharisha

Jua, ewe ndugu yangu, kwamba usafi ni jambo moja na twahara ni jambo jingine. Huenda sakafu ya choo ikang'aa nayo ingali najisi; mtu akaikanyaga kwa mguu wenye maji, akasali nayo, na sala yake isisihi.

Suali: Choo husafishwaje kwa vitu vya nyumbani?

Jawabu: Mafuta na utelezi sugua kwa majivu yaliyochekechwa na kumbi la nazi. Madoa ya maji ya chumvi yatie siki au maji ya ndimu, uyaache robo saa, kisha usugue. Sakafu ya chokaa au marmar usiitie ukali huo, kwani huila. Wala usichanganye siki na dawa yenye klorini. Hutoka hewa ya sumu.

Suali: Je, siki hutwaharisha?

Jawabu: La. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, najisi haiondoki ila kwa maji mutlaki. Basi kwanza ondoa dhati yake, na ladha, na rangi, na harufu. Kisha mimina maji yaenee mahali pote. Rangi peke yake, au harufu peke yake, ikiwa nzito kuondoka, husamehewa.

Wallahu aalam.