SOMO LA KIKUNDI: TUPIGIE CHAMA GANI KURA?



Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, mpiga kura alipewa karatasi tatu: ya rais, mbunge na diwani. Tangu 2013 ni sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Kila karatasi ina kazi yake. Kwa hivyo mtu akisema, "Chama chetu ni kimoja, juu mpaka chini," msiharakishe kukubali.

Fanyeni hivi mkutanoni:

1. Andikeni shida tatu za kijiji.
2. Ulizeni kila shida ni kazi ya nani. Zahanati na chekechea ni za kaunti. Polisi na shule za sekondari ni za serikali kuu.
3. Linganisheni ahadi za vyama. Pesa zitatoka wapi?
4. Aliyekuwa kwa kiti alifanya nini?

Mkiletewa pesa, kataeni. Sheria ya 2016 yasema mpeanaji na mpokeaji wote wana hatia.

Jadilianeni pamoja, lakini kila mtu aamue mwenyewe, mke na mume pia. Kura ni siri. Uchaguzi utapita; msiuache uvunje kikundi.