Jenereta: Piga Hesabu, Kisha Iweke Nje
Kabla ya kuwasha jenereta, jumlisha wati zilizoandikwa kwenye vifaa vyako. Mfano: balbu 4 za wati 10 ni 40, televisheni 80, friji 150, jumla 270. Lakini friji inapoanza huweza kuvuta mara 3, yaani 450, hivyo utahitaji 570. Jenereta ya wati 1,000 itatosha.

Iweke nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Usiiunganishe kwenye soketi ya ukutani: stima hurudi kwenye nyaya za nje na inaweza kumuua fundi. Izime, ipoe, ndipo uongeze petroli. Ukihisi kizunguzungu, toka nje mara moja.