Rameshvara: Jina Moja, Fasiri Tatu

Katika kisiwa cha Pamban, kilichoko kati ya India na Sri Lanka, limo hekalu la Shiva ambalo Wahindu hulizuru kutoka pembe zote za India. Mji uliolizunguka huitwa Rameswaram. Makala haya yanachunguza maana ya jina hilo katika umbo lake la Kisanskriti, Rameshvara, pamoja na utata unaomkabili anayetaka kulifasiri kwa Kiswahili.

Jina hili ni nomino ambatano. Viambajengo vyake ni Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana, na ishvara, yaani bwana au mola. Irabu a ikikutana na i, huzaliwa e. Kanuni hiyo si ngeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kwani ndiyo inayofanya wa-ingi kuwa wengi na ma-ino kuwa meno. Utata basi haumo katika sauti. Umo katika uhusiano wa viambajengo, maana Kisanskriti hakiweki baina yao chochote mfano wa a-unganifu.

Fasiri ya kwanza ni 'Mola wa Rama', kama vile mwanahewa alivyo mwana wa hewa. Ndiyo inayoafikiana na masimulizi ya hekalu lenyewe: Rama, baada ya kumuua Ravana aliyekuwa Brahmani, alimwabudu Shiva mahali hapo ili atakaswe. Hanuman, aliyetumwa mlima Kailasa kuleta linga, ishara ya Shiva, alichelewa. Sita akafinyanga nyingine kwa mchanga.

Fasiri ya pili inaipindua ya kwanza: 'ambaye Mola wake ni Rama'. Ambatano za namna hii huitwa bahuvrihi, istilahi ambayo yenyewe ni mfano. Bahu ni -ingi, vrihi ni mpunga; lakini kinachotajwa si mpunga, bali mtu mwenye mpunga mwingi. Kiswahili nacho kinazo. Kichwamaji, neno ambalo Kezilahabi alilifanya anwani ya riwaya yake ya 1974, si aina ya kichwa, ni mtu.

Ya tatu ni nyepesi: Rama ambaye ndiye Mola.

Kwa waumini, tofauti hizi si za kisarufi tu. Rama ni Vishnu aliyevaa umbo la binadamu, hivyo fasiri ya kwanza yamtukuza Shiva juu ya Vishnu, na ya pili yafanya kinyume. Husimuliwa kwamba Vishnu mwenyewe hushikilia ya kwanza, Shiva ya pili, na miungu wengine ya tatu. Kila mmoja akampisha mwenzake mbele, adabu ambayo wafuasi wao hawakuirithi daima.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapobanwa. A-unganifu ina upana wake: 'picha ya Juma' yaweza kuwa aliyoichora, anayoimiliki au inayomwonyesha. Hata hivyo, 'Mola wa Rama' haiwezi kumfanya Rama awe Mola wa Shiva. Aandikaye hivyo amekwisha kuegemea upande mmoja, pengine bila kujua. Ni heri aliache jina lilivyo, kisha azieleze fasiri zote tatu ndani ya matini.