Taa za motokari: chagua ampule inayofaa

Ndugu mfanyakazi, wewe unayetoka kazi usiku, ujue kwamba barabarani kuna watu wenye kusukuma baiskeli za makala bila taa. Usipowaona mapema, hutaweza kusimama. Tena ukimpiga dereva mwenzako macho kwa taa zako, yeye naye hatawaona.

Ampule ikiungua, fanya hivi:

1. Soma alama kwenye kitako cha ampule ya zamani. H4 ina nyuzi mbili, wa mwanga wa mbali na wa karibu. H7 ina uzi mmoja. Moja haiingii pahali pa nyingine.

2. Motokari ndogo hutumia voliti 12, malori makubwa voliti 24. H4 ya voliti 12 ina wati 60 na 55. Usiweke ya wati 100: nyaya zitapata moto, na kitako kitayeyuka.

3. Zima taa, ngoja ipoe. Usishike kioo kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huharibu ampule upesi. Ukikigusa, pangusa kwa kitambaa safi chenye alkoli.

4. Badilisha zote mbili pamoja, kwa sababu zimefanya kazi muda uleule.

5. Motokari yenye usukani kuume ilitengenezwa kwa nchi za kupita kushoto. Sisi Kongo tunapita kuume. Basi mwanga wake wa karibu huwapiga macho wanaokuja. Ampule mpya haiponyi jambo hilo: lazima kubadilisha taa nzima.

Mwishoni, washa taa mbele ya ukuta, utazame kama mianga yote miwili iko sawa. Nyumbani wanakungojea.